Swichibodi

Kabla ya chai, najipima.
Kiwanda cha magunia: mbili nne moja saba.
Paroko wa Kibosho: tatu sifuri tisa.
Yule Singasinga wa vipuri, mtaa wa Rindi: mbili nane nane mbili,
namba tamu, waitamka kama unabembeleza mtoto.

Miaka ishirini na sita nimekaa posta ya Moshi,
visikilizio vimenibana masikio,
waya mkononi kama nywele za mtu ninayemsuka,
na mji mzima ukipita kichwani mwangu
kwenda kuongea na mji mzima.
Nani alifungua kitabu cha simu? Walisema tu,
"Anaufoo, nipe daktari,"
nikawapa daktari.

Jana nilisimama jikoni, mlango wa friji wazi,
baridi ikinipiga magoti,
sijui nimefuata nini.

Nengai wa Kiborloni, anayeuza mizizi juu ya gunia,
kasema mlonge, kijiko kimoja alfajiri, usitie sukari.
Na gome la olkiloriti kwenye supu, mifupa ikumbuke
halafu kichwa kitafuata.
Jirani yangu kayatazama masufuria yangu ya alumini
kama mtu aliyeona nyoka chini ya kitanda:
"Haya ndiyo yanakula ubongo. Pikia chungu."
Nimepikia chungu. Mtori umenuka moshi wiki nzima.
Shemeji kaleta mbegu za maboga.
Mwanakwaya mwenzangu kasema ni upweke tu, niolewe.
Na Kunda wangu, kwenye simu: "Mama, pima presha.
Lala mapema. Tembea."

Natembea. Nashuka hadi Rau, nageuka kwenye daraja,
narudi na jasho la heshima.
Nala parachichi. Nimeacha sukari, chumvi nusu.
Yote nafanya.
Lipi nimefanya leo, hapo ndipo kazi.

Jumamosi nikifagia kabati nimekuta makopo matatu ya mlonge.
Yote yamefunguliwa.
Yote yamepungua kijiko kimoja.

Nimecheka, mae, nimecheka mpaka nikakaa chini.
Kisha nimeacha kucheka.

Dada yangu Aikaruwa yuko Uru, kwenye kiti chake cha plastiki.
Hakula sufuria ya alumini huyo; alikua na chungu,
maziwa mgando, ndizi, mboga chungu za shambani,
alipanda na kushuka na majani ya ng'ombe kichwani
mpaka miaka sabini na tano.
Sasa ananiita mgeni, ananikaribisha vizuri sana.
Nikamsomea namba zangu, maana zamani alizijua,
alikuwa akinipima nikiwa mwanafunzi wa kazi.
Magunia. Akaitikia kwa kichwa.
Paroko. Akaitikia.
Nikatunga moja pale pale, ya uongo, saba saba tano sita.
Akaitikia.

Toka siku hiyo chai hainishuki sawasawa.
Singasinga amekufa. Paroko amekufa.
Kiwanda kimeota nyasi mpaka dirishani.
Nikikosea tarakimu moja, nani atapokea aseme,
"Samahani, umekosea namba"?

Lakini nawaambia jambo moja, na hili silisahau.
Laini ikiwa na shughuli, nilisema: subirini.
Mameneja walisubiri. Wachumba walisubiri.
Mama mmoja wa Mwika, mwanawe mahututi Tanga,
alisubiri dakika arobaini, nikimsikia anavyohema,
wala hakuna aliyemwingilia kumsemea.

Sasa Kunda akipiga, nikinyamaza kidogo
kutafuta jina la kitu, kile cha kuchujia, cha matundu,
namsikia ameshavuta pumzi anipe.
"Chujio, mama. Chujio."

Usinipe.
Nashika waya, naona taa inawaka,
tundu liko hapa hapa, mkono unalijua.
Subiri, mwanangu.
Naunganisha.